Siku moja Sevilla na mama mwenye magoti: basi mpaka wapi, miguu mpaka wapi

Msomaji anauliza: "Mimi ni wa Tanga, kwa sasa ninasoma Madrid. Katikati ya Mei mama yangu, mwenye miaka 67, anakuja kunitembelea na nataka kumpeleka Sevilla. Tutafika kwa treni jioni, tutapata siku moja nzima, kesho yake asubuhi tunarudi. Magoti yanamsumbua. Nimeona tiketi moja inayounganisha basi la watalii, matembezi ya mitaani na onyesho la flamenco. Niinunue? Na je, vyote vitatu vinawezekana kwa siku moja bila kumchosha? Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula na sala navyo vinanipa mawazo."

Vyote vitatu vinawezekana, dada yangu, hata kwa magoti ya mama, ambaye naomba umfikishie shikamoo yangu. Ila usianze kupanga kutoka kwenye basi. Anza na flamenco, yaani muziki na dansi ya kusini mwa Hispania. Kata kwanza viti vya jioni, kisha hesabu kurudi nyuma, saa kwa saa, ukijiuliza mama atafikaje kwenye kiti kile akiwa bado ana nguvu ya kusikiliza. Wageni wengi hufanya kinyume. Huzunguka na basi mpaka mchana, huimaliza miguu yao vichochoroni, halafu usiku husinzia mbele ya mtu anayeimba mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Huniuma kila nikiliona hilo, maana basi la ghorofa liko kila mji mkubwa wa Ulaya, vichochoro vizuri viko vingi, lakini kuisikia flamenco hatua chache kutoka Triana, mtaa uliosaidia kuizaa, ni jambo ambalo miji michache sana inaweza kukupa.

Tiketi ya pamoja si ulaghai. Kwa kawaida hukupa basi la saa 24, matembezi na mwongozaji kwa saa iliyopangwa, na kiti cha onyesho. Shida ni kwamba ukumbi na saa ya onyesho huchaguliwa na muuzaji, na mara nyingi ni ukumbi mkubwa wenye meza za chakula na vipaza sauti. Mimi ningekata vitu viwili mbalimbali: basi peke yake, ambalo kwa mtu mzima ni kama euro 25 hivi, na flamenco peke yake, ambayo kwenye kumbi ndogo ni kati ya euro 20 na 30. Matembezi usiyalipie. Soma tiketi ya basi vizuri, kwa kuwa baadhi huja na matembezi ya Triana au mtaa wa kale wa Santa Cruz bila nyongeza. Lakini mwenye kundi la watu ishirini hawezi kusimama kila goti la mtu mmoja linapogoma. Tembeeni wenyewe, kwa mwendo wa mama.

Sasa suala la saa, ambalo litampa mama kizunguzungu siku ya kwanza. Hispania iko magharibi kabisa mwa Ulaya lakini hufuata saa za Ulaya ya kati, kwa hiyo katikati ya Mei jua la Sevilla huchomoza baada ya saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 3:30 usiku. Adhuhuri huingia kama saa 8:20 mchana, alasiri baada ya saa 12 jioni, magharibi karibu saa 3:30 usiku. Hii ni neema kwenu. Onyesho la saa 1:30 jioni, ambalo kwenye tiketi litaandikwa 19:30, linakaa katikati kabisa ya alasiri na magharibi, na mkitoka bado kuna mwanga wa kurudia hotelini. Kumbi nyingi zina maonyesho mawili au matatu kila jioni. Tafuta lililo karibu na saa hiyo.

Asubuhi, fikeni Torre del Oro kabla ya saa 4. Ni mnara wa pande 12 kando ya mto Guadalquivir, uliojengwa na watawala Waislamu wa Almohad mwaka 1220 na 1221 kuilinda bandari, na mabasi ya watalii huanzia hapo karibu. Mama apande ghorofa ya juu gari likiwa limesimama, maana ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima. Asubuhi ya Mei huko juu panapendeza. Ikifika mchana, jua la Sevilla halina mchezo. Visikizi vya basi vina lugha nyingi lakini usitegemee Kiswahili, hivyo kazi ya kumsimulia mama ni yako.

Shukeni kituo kimoja tu, Plaza de España. Uwanja huo wa nusu duara ulisanifiwa na Aníbal González kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1929, yaliyokutanisha Hispania na nchi za Amerika. Ni wa matofali mekundu na vigae vya rangi, una mfereji wa maji na madaraja manne, na chini ya ukuta wake vipo vibaraza 48 vyenye mabenchi ya vigae, kila kimoja cha mkoa mmoja. Kwa mtu wa magoti ni pahali pazuri kuliko pote mjini: pa tambarare, pana pa kukaa kila baada ya hatua chache, na kukaa kwenyewe ndiko kutalii. Nusu saa au dakika 40 zinatosha, kabla vikundi vikubwa havijajaa.

Mkipanda tena, msishuke mpaka mzunguko uishe. Mtavuka mto, mtaipita Cartuja yenye mabanda ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1992 (treni ya kasi mtakayopanda kutoka Madrid ilizinduliwa mwaka huohuo kwa ajili ya maonyesho hayo), kisha mtaona kuta za kale upande wa Macarena. Hii ndiyo kazi hasa ya basi. Cartuja iko mbali, ina barabara pana na vivuli vichache. Kuitembea kwa miguu ni adhabu, kuiona kutoka juu kunatosha. Wengi hununua tiketi ya basi wakadhani lazima washuke kila kituo ili hela isipotee, nao ndio wanaofika jioni wamekwisha.

Ikikaribia saa 6 mchana mtakuwa mmerudi Torre del Oro, na hapo basi limekwisha manufaa. Mitaa ya Santa Cruz, nyuma ya Kanisa Kuu, ni myembamba kiasi kwamba hata gari dogo hubanwa. Imejengwa hivyo ili nyumba zitiane kivuli. Palikuwa makazi ya Wayahudi mpaka mwaka 1391, walipovamiwa na kuuawa wengi, na waliosalia wakalazimishwa kubatizwa au kuhama. Ingieni polepole kupitia ua wa Patio de Banderas, mpaka Plaza de Santa Cruz, mtokee bustani za Murillo ambako kuna mabenchi na miti mikubwa. Si mbali, na hakuna kilima. Mawe ya chini lakini hayako sawa, kwa hiyo mama avae viatu vyenye soli nene.

Kabla ya hapo msimamishe mbele ya Giralda. Ni mnara wa adhana wa msikiti mkuu wa Almohad, uliojengwa kati ya mwaka 1184 na 1198. Mji ulipochukuliwa na mfalme Fernando III mwaka 1248 msikiti ukafanywa kanisa, baadaye ukabomolewa kupisha Kanisa Kuu, lakini mnara ukaachwa na karne ya 16 ukaongezewa sehemu ya kengele juu. Ndani hauna ngazi bali miteremko 35 inayozunguka kwenda juu, ili muadhini aweze kupanda juu ya mnyama. Mama asipande. Atazame kutoka chini, aone ule ufundi wa matofali. Kazi ya wajenzi wa msikiti inajulikana kwa macho, bila kuelezwa.

Utaniuliza kuhusu kasri la Alcázar. Kama mnataka jengo moja la kulipia, chagueni hilo, siyo Kanisa Kuu. Sehemu yake maarufu ilijengwa na mfalme Mkristo, Pedro I wa Castilla, kuanzia mwaka 1364, kwa mikono ya mafundi wa Kiislamu, na kwenye uso wa sehemu hiyo kumeandikwa kwa Kiarabu, tena na tena, "wa la ghaliba illa Allah". Mama aliyepita madrasa atasimama mbele ya ukuta wa mfalme Mkristo na kumkuta Mungu wake ametajwa. Tiketi ni za saa maalumu na mwezi wa Mei huisha mapema, kwa hiyo kata mtandaoni sasa, ile ya saa 3:30 asubuhi. Lakini jua gharama yake: mkiingia kasri asubuhi, basi linasogea mpaka karibu saa 6, Plaza de España mtaiona bila kushuka, na Santa Cruz inabaki robo saa. Kuongeza kasri juu ya ratiba yote bila kupunguza kitu ndiyo njia ya hakika ya kuiua jioni yenu.

Kuna kituo kimoja zaidi ambacho vitabu vingi vya watalii hukiruka, nami sitamani Mwafrika yeyote aondoke Sevilla bila kukijua. Karne ya 15 na 16 mji huu ulikuwa na maelfu ya Waafrika, wengi wao watumwa, wachache huru. Mwaka 1475 wafalme walimteua Mwafrika aitwaye Juan de Valladolid kuwa mkuu na mwamuzi wa watu weusi wa mji. Alijulikana kama El Conde Negro, na mpaka leo upo mtaa mdogo wenye jina hilo. Jirani yake kuna kanisa dogo la undugu wa Los Negritos, ulioanzishwa mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya Waafrika waliotupwa pasipo wa kuwauguza, na ambao bado huandamana kila Alhamisi Kuu. Kutoka bustani za Murillo ni mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa miguu. Mama akichoka, chukueni teksi. Ni hela kidogo.

Chakula sasa. Wasevilla hula mchana kati ya saa 8 na saa 10, na kabla ya hapo jikoni nyingi hazijawasha moto. Nguruwe ni mwingi sana kwenye meza zao, lakini hamtalala njaa. Agizeni "espinacas con garbanzos", mchicha uliopikwa na dengu kubwa na bizari nyembamba, ambao mama ataufurahia. Samaki wa kukaanga. Na "salmorejo", rojo baridi ya nyanya na mkate, mkisema "sin jamón" kwa kuwa juu hunyunyiziwa nyama ya nguruwe. Muulizeni mhudumu kama mchicha umepikwa bila nyama, maana wapo wanaotia. Biskuti ziitwazo "mantecados" mziache kabisa, zinatengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Machungwa mtakayoyaona mitini barabarani ni machungu, si ya kula.

Baada ya chakula, rudini hotelini mlale. Nasema hivi kwa msisitizo. Kati ya saa 9 na saa 11 maduka mengi yamefungwa, jua limepamba moto, na wenyeji wenyewe wako ndani. Hii ndiyo sababu uchukue hoteli ya katikati, upande wa Arenal au karibu na Kanisa Kuu, hata kama ni ghali kidogo kuliko ya nje ya mji. Mama ataswali, atanyoosha miguu, na kwa kuwa ni msafiri anaijua rukhsa yake ya kukusanya adhuhuri na alasiri.

Ikifika saa 11:30 jioni chukueni teksi mpaka Plaza del Altozano, upande wa pili wa mto. Hapo ndipo Triana inapoanza. Daraja la chuma mnaloliona ni la mwaka 1852. Kabla yake, tangu mwaka 1171, watu walivuka kwa daraja la mashua zilizofungwa pamoja, na kila mafuriko yalipolikata Triana ilibaki peke yake. Tabia ya kujitenga haijaisha, mtu wa hapa hujitaja kuwa wa Triana kabla hajajitaja kuwa wa Sevilla. Soko lililo kando ya daraja limejengwa juu ya mabaki ya ngome ya San Jorge, ambako mahakama ya kidini ya Inquisición ilikaa tangu mwaka 1481 mpaka 1785. Jioni vibanda vya soko vitakuwa vimefungwa. Msisikitike. Mlichokuja kukitafuta kiko mitaani.

Piteni Calle Alfarería, mtaa wa wafinyanzi, ambako vigae vingi vya Sevilla vilichomwa, kisha Calle Pureza, tambarare na nyeupe, mpaka kanisa la Santa Ana la karne ya 13. Miguu ikiruhusu, ingieni Pagés del Corro. Mtaa huo ulikuwa unaitwa La Cava, na sehemu yake moja ilikuwa ya Wagitano, jamii iliyofika Hispania karne ya 15 baada ya safari ndefu ya vizazi kutoka India. Wengi walikuwa wahunzi. Waliishi kwenye "corrales", vyumba vilivyozunguka ua mmoja, kisima kimoja, jiko la pamoja, na humo ndimo nyimbo zikapita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Mwaka 1749 serikali ya mfalme Fernando VI iliamuru Wagitano wote wa Hispania wakamatwe kwa mkupuo mmoja, wanaume watengwe na wake zao. Nyimbo za kale kabisa za flamenco, "tonás" na "martinetes", huimbwa bila gitaa, sauti tupu, na zimejaa jela na uhunzi. Ukiijua historia hiyo hutazisikia kama burudani.

Halafu kuna jambo ambalo waongozaji wengi hulipitia juujuu. Miaka ya 1950 na 1960 Wagitano wa Triana waliondolewa. Corrales zilivunjwa, ardhi ikapanda bei, na familia zikapelekwa kwenye majengo ya pembezoni mwa mji, ambako watoto na wajukuu wao bado wanaishi na kuimba. Triana mnayoitembea leo ina sanamu ya flamenco pale Altozano, vigae vya flamenco, mikahawa yenye majina ya flamenco, na wenyewe wengi hawapo. Mwambie mama hilo mkiwa mmekaa kwenye ukuta mfupi wa Calle Betis, mkiitazama Torre del Oro ng'ambo ya maji. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kupita mtaa huu kabla ya onyesho, badala ya baada yake: mwimbaji anapotaja Triana, nanyi mtajua anataja nini.

Kuhusu ukumbi, chagueni mdogo, usio na chakula, ikiwezekana usio na vipaza sauti, onyesho la saa moja hivi. Triana zipo kumbi za aina hiyo. Mkipenda kulala karibu, katikati ya mji kuna Casa de la Memoria kwenye Calle Cuna, na Museo del Baile Flamenco, ulioanzishwa na mchezaji Cristina Hoyos mwaka 2006. Los Gallos, pale Plaza de Santa Cruz, ipo tangu mwaka 1966. Mahali pa chakula cha usiku na onyesho pamoja napaepuka, kwa kuwa vijiko hushindana na gitaa na gitaa hushindwa. Fikeni dakika 20 kabla, viti vingi havina namba. Mama akae mwisho wa safu ili anyooshe mguu, lakini safu ya kwanza au ya pili, kwa sababu mkikaa nyuma hamtaiona miguu ya mchezaji. Kama tiketi inahesabu kinywaji, ombeni maji au juisi, hakuna atakayeshangaa.

Wengi huja kutazama dansi tu. Mwelekeze mama kwa mwimbaji. Katika flamenco uimbaji ndio mzizi, gitaa humfuata mwimbaji, na mchezaji huwajibu wote wawili kwa mwili. Tazama jinsi mchezaji anavyoinua mkono kidogo au kupiga kisigino kwa namna fulani, na gitaa likabadilika papo hapo, hawakukariri, wanaitana. Nyimbo nyingi nzito, kama "soleá", na nyingine za kasi, kama "bulería", huenda kwa mapigo 12, na mkazo hauangukii pale sikio linapotarajia. Kwa hiyo msipige makofi kufuatana nao, hata mkiona raha. Wale wawili wanaopiga makofi jukwaani ni wanamuziki kamili, na kofi moja la kando huwavuruga.

Mama akiwa mtu wa taarabu atawahi kuelewa kuliko watalii wengi, maana anajua msikilizaji naye ana kazi yake ukumbini. Hapa kazi hiyo ni kimya cha kweli, na lile neno "olé" pale jambo linapomgusa mtu mpaka likamtoka lenyewe. Hakuna kuinuka kwenda kutuza. Picha pia wengi hukataza mpaka wimbo wa mwisho.

Mtaona huenda mmoja amekalia sanduku la mbao analipiga kwa viganja. Linaitwa "cajón". Halikuzaliwa Hispania, ni la watu weusi wa Peru, vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na mpiga gitaa Paco de Lucía ndiye aliyelileta kwenye flamenco mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya kulisikia huko. Leo ni vigumu kulikuta jukwaa lisilo nalo.

Mkitoka itakuwa kabla au karibu ya magharibi, na Wasevilla ndio kwanza wanaanza kufikiria chakula cha usiku. Mama akila hotelini pia ni sawa.

Mambo ya kukata mapema ni matatu tu: treni, hoteli ya katikati, na viti vya flamenco; na Alcázar kama mmeamua. Basi mtanunua palepale kituoni. Kabla ya kulipa chochote angalia tarehe za Feria, sherehe kubwa ya mji, ambayo kwa kawaida huwa wiki mbili hivi baada ya Pasaka na mwaka mwingine huangukia Mei. Ikigongana na siku yenu, hoteli hupanda sana na njia za mabasi hubadilishwa; sogeza safari wiki moja mbele.